Mfyatua Matofali wa Bunju, Warumi na Shamba la Mfaume

Saa kumi na mbili kasoro alfajiri, Bunju, hatua chache kutoka Barabara ya Bagamoyo. Alfonsi anachanganya mchanga na saruji kwa koleo, anaongeza maji kidogo kidogo kutoka kwenye debe, halafu anajaza kalibu ya chuma. Anaigonga kwa kibao mara sita. Anainua kalibu, tofali linabaki limesimama chini, bichi, kingo zake kali. Anajaza tena. Anagonga tena mara sita.

Ukisogea karibu utasikia anasema kitu. Si Kiswahili, si Kiingereza, wala si lugha ya kwao Songea.

"Padri, leo misa ya ngapi?" anauliza fundi mmoja anayepita na ndoo ya vifaa vyake.

"Ya kwanza," anajibu Alfonsi bila kuinua kichwa. "Sadaka weka hapo juu ya mchanga."

Anachosema ni mashairi. Ni utenzi wa Warumi wa kale, ulioandikwa kwa Kilatini miaka elfu mbili iliyopita, habari za watu waliovuka bahari kutafuta mahali pa kujenga mji. Kila mshororo una mapigo sita, na Alfonsi hutumia mshororo mmoja kwa kila tofali. Wateja wanasema matofali yake hayamomonyoki.

"Ukigonga mara tatu, tofali linabaki na mapengo ndani," anaeleza. "Ukigonga mara kumi unajichosha bure. Sita inatosha. Hapo Warumi wamenisaidia, siwezi kuwakana."

Ana miaka arobaini na mmoja, mke na watoto watatu. Kwa siku hufyatua matofali mia moja na ishirini peke yake. Moja analiuza shilingi mia mbili na hamsini, na zaidi ya nusu ya hiyo inarudi dukani kununua saruji.

Naandika habari zake ili kuwaonya wazazi wenzangu, hasa wenye watoto wenye sauti nzuri. Mwaka jana Alfonsi alitunga utenzi, na kwa sababu ya utenzi ule mama mtu mzima, Bi Chausiku binti Mfaume, alikaribia kunyang'anywa shamba la baba yake pamoja na makaburi yaliyomo. Aliyeusoma mbele ya watu ni binti yangu, Nusaiba.

Kilatini alikipata seminari ndogo. Alipelekwa huko akiwa na miaka kumi na mitatu, akategemewa awe padri kweli, siyo padri wa matofali. Baba yake alipofariki akaacha masomo, akaja Dar es Salaam, akaajiriwa mtunza stoo katika shirika moja la umma. Mwaka 1992 wafanyakazi wakapunguzwa, naye akiwemo. Kwa kiinua mgongo alinunua kiwanja kidogo Bunju, kalibu mbili, na koleo.

Kitabu chenyewe alipewa na mwalimu wake siku anaondoka seminari. Hakina jalada tena, amekifunga kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Anakiweka ndani ya sufuria lenye mfuniko kwa sababu ya panya.

"Zamani nilikuwa nakisoma kama mtoto anavyosikiliza hadithi," anasema. "Nilipopunguzwa kazi ndipo nikaanza kukihoji. Huyu mtunzi alikuwa anakula kwa nani? Nani alimpa nafasi ya kukaa miaka na miaka anatunga, halimi, hachungi? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeisha karibuni. Askari maelfu wamerudi nyumbani, wanadai mashamba waliyoahidiwa. Haya, mashamba yatoke wapi? Yakachukuliwa kwa wakulima. Na mkubwa aliyeshinda vita anataka utenzi unaosema mji huu uliahidiwa kutoka mbinguni, tangu babu na babu."

Nilimuuliza kama basi mtunzi yule alikuwa mwongo.

Akatikisa kichwa. "Alikuwa fundi, Mama Nusaiba. Kuna mahali anaandika mpaka unamwona analia kwa ajili ya waliopoteza. Halafu anaendelea kujenga. Ndiyo maana namwogopa."

Ana madaftari manne ya shule, kila ukurasa ameupiga mstari katikati. Kushoto anaandika wanaopewa maneno ya kusema ndani ya utenzi: wafalme, miungu, majemadari. Kulia anaandika wanaotajwa wakipita tu: wapiga makasia, watumwa, mwenye ng'ombe aliyechinjiwa ng'ombe wake. Upande wa kulia umejaa kuliko wa kushoto, na haumchoshi.

Mkewe Benedicta unamchosha. "Mie niliolewa na mtunza stoo," ananiambia huku anachambua mchele. "Nimejikuta naishi na Mrumi. Muulize, hao Warumi wake wamewahi kumletea hata kilo ya unga?"

"Wameniletea mifuko ishirini ya saruji," anasema Alfonsi kutoka nje, na sauti yake haina utani.

Mifuko hiyo ilitoka kwa Bwana Faraji.

Bwana Faraji ana kampuni inayojenga nyumba za kuuza. Alianzia Mbweni, na mwaka jana akaja huku kwetu. Siku moja alisimamisha gari kuulizia bei ya matofali, akamsikia Alfonsi anaghani.

"Wewe ni mshairi?"

"Msomaji, Bosi."

"Basi nitungie kitu. Tutaweka jiwe la msingi mwezi wa tisa, nina wageni wazito kutoka mjini. Wanapenda mambo ya asili. Useme hapa palikuwaje, na sie tunakujaje."

Malipo yalikuwa mifuko ishirini ya saruji, na juu yake oda ya matofali elfu kumi. Kwa mtu wa kalibu mbili, oda hiyo ni ada za watoto na bati za nyumba.

Lakini Alfonsi hataki nimsingizie shida. "Usiandike kwamba nilifanya kwa sababu ya njaa," aliniambia. "Njaa ilikuwepo, ila nilifurahi. Zaidi ya miaka ishirini nasoma jinsi wale mafundi wanavyojenga. Nikasema, sasa nione kama na mie naweza."

Alitunga siku tisa, beti sitini na mbili. Siku ya nne alikwama, akaja gengeni kwangu kununua mafuta ya taa. Akasimama mlangoni na chupa yake.

"Mama Nusaiba, ile minazi ya kule bondeni alipanda nani?"

"Mzee Mfaume, Mungu amrehemu. Baba yake Bi Chausiku."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamweleza. Nikamwambia mwaka 1988, mwaka mmoja kabla Mzee Mfaume hajafariki, walikuja wapima ardhi na vyombo vyao, wakapiga hema karibu na shamba lake siku tatu. Mzee akawalisha, akawaangulia madafu, wakataka kumlipa akakataa. Ni hayo tu niliyosema. Nilimjazia mafuta yake, akaondoka anahesabu kwa vidole.

Beti mbili zilizotoka hapo ni hizi:

Mfaume kwa hiari
kawapokea vizuri
wageni wenye habari
ya mji wa kujengewa.

Kawaambia, jengeni,
minazi hii kateni,
na shamba langu twaeni,
kwa moyo nimelitoa.

Wiki iliyofuata akaja kumwomba Nusaiba. Binti yangu ana miaka kumi na saba, amemaliza darasa la saba, yuko nyumbani ananisaidia genge. Husoma kasida kwenye maulidi, na watu hutoka hata Boko kuja kumsikiliza. Bwana Faraji akamletea doti ya kanga na viatu. Mie, mama yake, nilifurahi kama nimevishwa mimi.

Nilimfundisha mwenyewe uani. Hapa panda, hapa vuta, hapa pumua. Karatasi nilikuwa nimeishika mkononi, kusoma najua, niliishia darasa la saba la zamani. Nilikuwa nasahihisha sauti. Nilimwambia pia, watu wakija kukutunza usisimame, ukisimama unaharibu. Endelea.

Kwetu pwani msomaji akikugusa hutulii kwenye kiti. Unainuka, unakwenda kumtunza, unamwekea noti kichwani au unambandika kwenye paji la uso, na wenzako wanakupigia vigelegele. Nani aliyefundishwa hayo? Tumezaliwa tumeyakuta.

Jumapili ya kuweka jiwe la msingi hema lilijaa. Wageni wa mjini mbele, sisi nyuma. Nusaiba alianza, kimya kikatanda. Alipofika kwenye jina la Mfaume, Bi Chausiku aliinuka. Ana miaka sitini na minane, goti moja linamsumbua, lakini aliinuka kama msichana. Alifungua pindo la kanga, akatoa noti ya mia mbili, akaenda mbele akambandika Nusaiba usoni. Wanawake wote tukalipuka kwa vigelegele. Nami nilipiga. Mpiga picha wa kampuni akapiga picha.

Nusaiba hakusimama, alifanya nilivyomfundisha. Ubeti uliofuata, ule wa minazi kukatwa na shamba kutolewa, ukapita chini ya vigelegele. Hakuna aliyeusikia kule nyuma. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunapiga kelele.

Wageni walipewa vijitabu vyenye utenzi mzima. Sisi tulipewa soda na pilau.

Mwezi wa pili mwaka huu, Bi Chausiku alikuta vijana wa kampuni wanapigilia vigingi ndani ya shamba lake, ekari tatu, kamba imepita juu ya kaburi la mama yake. Akaenda baraza la kata kulalamika.

Karani wa kampuni alikuja amevaa tai. Hati ya kampuni ilikuwa ya eneo la jirani. Kwa ekari zile tatu hakuwa na karatasi yenye sahihi ya Mfaume wala ya mtoto wake. Alichokuwa nacho ni kijitabu na picha.

"Familia yenyewe ilishuhudia hadharani kwamba mzee alitoa," alisema. "Bibi huyu hapa kwenye picha anatunza, ubeti unasomwa. Leo anakataa nini?"

Wajumbe wakapokezana kijitabu, wakasoma kimyakimya. Wakaitazama picha, wakamtazama Bi Chausiku. Yeye kusoma hajui. Aliulizwa kama ni yeye pichani, akasema ndiye. Aliulizwa kama alitunza, akasema alitunza. Kesi ikaahirishwa wiki mbili, waitwe mtunzi na msomaji.

Barua ya kumwita Nusaiba ililetwa nyumbani na mjumbe wa nyumba kumi. Niliipokea ile bahasha, nikaisoma palepale mlangoni. Binti yangu, jina lake limepigwa muhuri wa serikali! Siku hiyohiyo nilimfungia nguo zake, nikamwambia aende kwa shangazi yake Segerea mpaka mambo yapoe.

"Siendi, mama," alisema. "Waliosikia walisikia sauti yangu. Nikimbie niende wapi nayo?"

Bwana Faraji naye alikwenda kwa Alfonsi. Benedicta alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia.

"Alfonsi, mie sikutakii mabaya," alisema Bwana Faraji. "Wewe sema tu ulisimuliwa na wenyeji. Si ulisimuliwa?"

"Nilisimuliwa habari ya madafu, Bosi."

"Basi! Madafu, shamba, vyote ni ukarimu. Usilikuze jambo. Elfu kumi zile umeleta ngapi?"

"Elfu tatu."

"Bado elfu saba. Fikiri."

Alifikiri siku nne. Alfonsi hafichi: alifikiria kusema alivyoambiwa na Bwana Faraji. Alijua kwamba akimsingizia mzee aliyekufa hakuna atakayemjibu. Alifungua kitabu chake akatafuta kama kuna mahali mtunzi wa Kirumi anasema, jamani, hapa nimeongeza. Hakupaona.

Benedicta alimkuta amekaa juu ya rundo la mchanga, kitabu magotini, jua limeshapanda na tofali hata moja hajafyatua.

"Huyo mwenzako wa Rumi," alimuuliza, "alipoitwa barazani alisemaje?"

"Hakuitwa."

"Basi wewe umeitwa." Akaingia ndani kuwasha jiko.

Siku ya baraza, ofisi ya kata haikutosha. Watu walisimama madirishani. Mwenyekiti ni Mzee Khalfani, fundi cherehani mstaafu, mtu asiyependa maneno mengi. Alfonsi aliingia na madaftari yake manne na kile kitabu cha karatasi ya saruji, akawaamkia wazee wote shikamoo, na mbele ya Bi Chausiku akapiga magoti kabisa. Bi Chausiku hakuitikia.

Alfonsi akaambiwa aeleze.

"Mzee Mfaume hakutoa shamba," alisema. "Maneno yale nimeyatunga mie. Sikuambiwa na mtu."

Nje kukawa na minong'ono. Mzee Khalfani akavua miwani.

"Kijana, ulisema uongo siku ile, au unausema leo?"

"Siku ile, mzee."

"Tutajuaje?"

Alfonsi akainua kitabu. Akaeleza kwamba amekisoma nusu ya maisha yake, na kwamba tenzi za namna hii zina mifupa yake. Mgeni anakuja na watu wake. Ana ahadi kutoka juu. Anakuta nchi ina wenyewe. "Hapo mtunzi ana kazi ngumu," alisema. "Akiacha hivyo, mgeni anaonekana mnyang'anyi. Kwa hiyo lazima apatikane mwenyeji mmoja, mkubwa, mwenye heshima, wa kusema karibuni. Mie nilifika mahali hapo siku ya nne nikakwama. Nikamtafuta mwenyeji. Nikapewa jina la Mfaume na habari ya madafu. Madafu yalikuwa ya kweli. Shamba nililiongeza, kwa sababu utenzi ulikuwa unalihitaji."

Karani wa kampuni akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa ni barazani au darasani? Tunahukumu ardhi ya Bunju kwa Kilatini?"

"Kaa chini," alisema Mzee Khalfani. "Wewe ndiye uliyeleta mashairi hapa."

Watu wakacheka. Mjumbe mmoja, Demetria, muuza vitumbua wa stendi, akanyoosha mkono.

"Mie nauliza. Hao wenyeji wa huko Rumi, walipochukuliwa mashamba walikwenda kulalamika wapi?"

"Dada Demetria, wao hawakuwa na baraza la kata."

Kicheko kikarudi, mpaka Mzee Khalfani akagonga meza. Halafu akamwita Nusaiba. Mie nilikuwa nimekaa nyuma yake, nimeshika ncha ya mtandio wake kama mtoto wa miaka mitatu anayeogopa kupotea. Ilibidi auvute.

"Binti, ubeti huu wa minazi uliusoma?"

"Niliusoma, babu."

"Watu waliusikia?"

"Sidhani. Hata mie sikujisikia. Vigelegele vilikuwa vingi."

"Hebu usome sasa. Usighani. Soma tu kama unavyosoma barua."

Nusaiba akashika kijitabu, akausoma. Jengeni. Kateni. Twaeni. Kwa moyo nimelitoa. Bila sauti yake ya kasida maneno yalisikika moja moja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bi Chausiku alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua.

"Rudia hapo."

Nusaiba akarudia.

"Alaa! Ndivyo alivyosemeshwa baba yangu? 'Minazi hii kateni'?" Alimgeukia Alfonsi. "Wewe, ulimjua baba yangu?"

"Sikumjua, Bibi."

"Ndiyo maana. Baba yangu alikuwa mkali! Hata hilo dafu alikuwa anakukatia huku anakutukana. Mnazi wake ukiuegemea anakufukuza. Huyo aseme kateni? Huyo?"

Waliomfahamu Mzee Mfaume walicheka mpaka wakafuta machozi, maana ilikuwa kweli. Hata mimi nilikuwa nimesahau. Siku ile gengeni nilimsimulia Alfonsi mzee mpole, kwa sababu marehemu hatumsemi vibaya.

Mzee Khalfani akasubiri patulie. "Bibi, nakuuliza, usikasirike. Kwa nini ulitunza?"

Bi Chausiku alimgeukia.

"Baba amekufa miaka saba. Tangu tumzike hakuna aliyewahi kulitaja jina lake mbele ya watu. Si mkutanoni, si kwenye harusi, hakuna. Siku ile nasikia linatajwa mbele ya watu wa magari, kwa sauti nzuri ya mtoto wetu. Wewe Khalfani, la kwako lingetajwa hivyo, ungebaki umekaa?"

Mzee Khalfani akavaa miwani, akaandika.

Uamuzi ulisomwa mchana. Kijitabu na picha havielezi shamba ni la nani. Kampuni ing'oe vigingi kwenye ekari zile tatu. Ndani ya siku thelathini ilete karatasi yenye sahihi ya mwenye shamba au mrithi wake, ikikosa, baraza litakwenda kuhesabu minazi na makaburi na kufunga shauri. Naandika haya siku ya ishirini na moja. Karatasi haijaletwa. Vigingi vimeng'olewa, mashimo yake bado yanaonekana, na Bi Chausiku amekataa yafukiwe mpaka wajumbe waje wayaone.

Alfonsi amepoteza oda. Matofali elfu moja na mia nne aliyokwisha kuyafyatua kwa ajili ya kampuni bado yako uwanjani kwake, anayauza kumi kumi kwa watu wanaojenga vyoo. Wapo wanaomwita mjinga mbele ya watoto wake.

"Mie nimezoea kuitwa padri," anasema. "Mjinga nitazoea pia."

Baada ya baraza alikwenda kwa Bi Chausiku kuomba radhi. Alitaka kumtungia baba yake utenzi mwingine, wa kweli safari hii, mzee mkali na matusi yake. Bi Chausiku alimkatalia palepale mlangoni.

"Baba yangu usimwandike tena. Mwache apumzike. Ila hicho kitabu kilichokufundisha uongo, njoo unisomee. Nataka nikijue."

Sasa wazazi wenzangu nisikilizeni. Siku hizi kila mwezi kuna hema linafungwa mahali. Leo kampuni, kesho chama, keshokutwa mfadhili, na kila mmoja anatafuta watoto wa kumwimbia. Wanakuja na kanga, viatu na soda. Mimi simkatazi mtu kumtoa mtoto wake. Nasema ichukue karatasi kabla ya mtoto hajaishika. Isome kama Nusaiba alivyosoma barazani, kama barua. Kama kusoma hujui, mwite anayejua akusomee polepole, bila kughani, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Na ukikuta jina la mtu wa mtaani kwenu humo ndani, nenda kamwulize mwenye jina au watoto wake. Mie nilikuwa jirani wa Bi Chausiku, nyumba ya tatu tu. Sikwenda.

Nusaiba amerudi kwenye kasida mwezi huu. Kila anachopewa anakisoma kwanza akiwa amekaa kimya, na wanaomwalika wanasema binti siku hizi ana maringo. Aendelee nayo.

Alfonsi sasa yuko kwenye daftari la tano. Humo anaandika kwa Kiswahili, kwa lugha ya watu wa kawaida, jinsi tenzi zile za Kirumi zilivyotengenezwa: nani aliagiza, nani alilipwa, nani alishangilia, na nani alihamishwa. Anatumaini likimalizika atalipeleka kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni, wakatae wenyewe. Huenda ikamchukua miaka miwili, kwa sababu mchana ni wa matofali.

Na kila Jumamosi, baada ya alasiri, anawasomea watu uwanjani kwake. Wanakaa juu ya matofali ya kampuni. Jumamosi iliyopita walikuwa wanne: Bi Chausiku, Nusaiba, Demetria, na yule fundi wa ndoo ambaye anadai amekuja kupumzika tu. Alfonsi anasoma Kilatini kidogo, anatafsiri, anasoma tena. Wageni wa ule utenzi walikuwa wamefika kwenye nchi waliyoahidiwa. Wameshuka kando ya mto, wamekula, na sasa wanachimba handaki kuzunguka mahali watakapokaa.

"Ngoja, Alfonsi," alisema Bi Chausiku. "Hapo wanapochimba palikuwa pamelimwa nini?"

"Haikuandikwa, Bibi."

"Haiwezekani. Ardhi nzuri hivyo, karibu na mto, ikae bure? Rudi nyuma. Utakuwa umeruka ukurasa."

Alfonsi alilowesha kidole, akaanza kurudi nyuma, ukurasa mmoja mmoja, na wote wanne wakasogea kutazama.